Madamu Aliyetufundisha Kupiga Yowe

Sijui nianze na Madamu yupi. Yupo aliyezifuta kompyuta za chuo kila asubuhi kwa kipande cha khanga, taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso. Na yupo aliyesema mbele ya darasa zima kwamba mashine hizohizo ndizo zilizomtoa kazini, na kwamba iko siku atazibeba moja moja akazitupe ziwani. Ni mtu mmoja. Nilikaa darasani kwake, nikafanya kazi pamoja naye, nikala kwake mara nyingi, na bado nikiulizwa alikuwa mtu wa namna gani, nababaika. Jina lake sitalitaja kwa sababu hata sisi hatukulitumia. Akina madamu wengine pale chuoni ilibidi waitwe kwa majina yao, lakini yeye alikuwa Madamu, basi.

Chuo kilikuwa cha masista, pale Musoma, karibu na ziwa kiasi kwamba vijidudu vya ziwani vikivuma vilijaa ndani ya mashine na tukavikung'uta kwa brashi ya viatu. Enzi za ruksa zilikuwa zimeshakomaa. Mitumba ilijaa sokoni, viwanda vya serikali vilikuwa vimefungwa au vinatafuta mnunuzi, na watu wazima wenye vyeti walikuwa wakikaanga maandazi. Madamu alikuwa mpiga chapa wa kiwanda cha nguo. Katika miaka ile ya shida, hata riboni ya taipu ikiwa haipatikani, alizifufua riboni kavu kwa mafuta ya cherehani na kazi ikaendelea. Walipokuja kupunguza wafanyakazi naye alipunguzwa, na barua ya kumpunguza aliipiga chapa mwenyewe.

"Niliipigaga bila kosa hata moja," alikuwa akituambia, na hatukujua kama anajisifu au anaomboleza.

Masista walipopata kompyuta za msaada walimwita kwa sababu moja tu: alijua herufi ziko wapi bila kuangalia. Kutengeneza programu za fomu alijifunza mwenyewe, kutoka kwenye kitabu kinene cha Kiingereza kilichokuja ndani ya boksi pamoja na nyaya. Nadhani ndiyo maana alifundisha kama mtu anayebishana na kitabu hicho. Jumatatu alikikubali, Jumatano alikipinga, na Ijumaa sisi tuliandika mtihani bila kujua ni siku ipi kati ya hizo mbili inayosahihishwa.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: unachora fomu kwenye kioo cha kompyuta, unaweka visanduku vya kujaza na vitufe vya kubonyeza, halafu unaandika maelekezo ya nini kifanyike kila jambo linapotokea. Sisi tulichora kitufe kimoja, tukakiita Hifadhi, na chini yake tukarundika kila kitu: kukagua, kupiga hesabu, kuandika, kuchapa risiti. Madamu akapita nyuma yetu akisoma, akaguna.

"Mbona mmelaza ukoo mzima kitanda kimoja? Mmoja akiharisha, wote mtaamka."

Siku iliyofuata umeme ulikatika, akatutoa nje uwanjani. Akauliza nani kati yetu hajawahi kusikia yowe la ng'ombe. Hakuna aliyenyoosha mkono. Tulitoka Butiama, tulitoka Mugango, mimi nilitoka Kabasa, Bunda. Hata wale wa mjini walikuwa na mababu vijijini.

"Haya. Mtu ameamka amekuta zizi wazi. Anapigaga yowe. Anasema nini?"

"Ng'ombe wamechukuliwa, Madamu."

"Anasema 'wewe fulani ziba njia ya mtoni, wewe mama fulani fungia ndama'?"

"Hapana, Madamu."

"Kwa nini hasemi?"

"Kila mtu anajua kazi yake."

"Eeh! Na hajui nani atakuja. Anaweza kuja mtu mmoja, anaweza kuja kijiji mzima. Yeye ameshamaliza. Basi fomu yenu ndio huyo mtu wa zizi. Isijifanye inajua kila kazi. Ipige yowe, wapokezi wafanye."

Mashine, alisema, inayo mayowe iliyozaliwa nayo: kitufe kimebonyezwa, herufi imeandikwa. Hayo hayajui pamba wala hospitali. Sisi tutaipa mayowe ya kwetu, na kila yowe litaje jambo lililotokea, kamwe lisitaje kazi ya kufanya. "Mzigo umepimwa" ni yowe. "Chapa risiti" ni amri, na amri ina mwenyewe. Na yowe libebe habari ndani yake, maana yowe lisilosema ng'ombe wamepita upande gani ni kelele za mlevi. Kila mpokezi awe na kazi moja na akae mahali pake, ili mtu akitaka kuongeza mpokezi mwingine asiguse wale waliopo. Tulipangwa pale uwanjani, mmoja awe fomu, mmoja mchapa risiti, mmoja mtunza kumbukumbu, na tulipiga mayowe hadi watu wa barabarani wakasimama. Nilielewa. Nilifurahi mno, maana ilikuwa mara ya kwanza kitu cha kompyuta kunikalia kichwani.

Kesho yake akaja na mengine. Fomu inayopiga mayowe tu ni mvivu, alisema. Yako mambo lazima ifanye yenyewe. Mtu akiandika herufi kwenye kisanduku cha uzito, utaita kijiji?

"Sasa Madamu, tutajuaje lipi ni la fomu na lipi ni la kupigia yowe?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea nyumba," akasema, akaendelea na somo.

Nilirudi Kabasa mwisho wa juma nikiwa na kichwa kinachouma kwelikweli, si kwa mfano.

Umeme uliporudi ndipo likatokea lile lililotuchekesha mwaka mzima. Kila mmoja aliandika programu yake, kila mmoja akabonyeza kitufe, na mashine zote za darasa zikaganda. Madamu akapita akisoma kioo baada ya kioo, na kila alipofika alikuta kosa lilelile. Hakuna aliyemwangalizia mwenzake. Sote, mwishoni mwa maelekezo ya kila mpokezi, tulikuwa tumeandika mstari wa kulipiga yowe upya.

Kwetu ndivyo ilivyo. Ukisikia yowe unalipokea kwa sauti yako ili wa kilima cha pili nao wasikie, na wao wanalipeleka mbele. Anayelisikia akanyamaza ana kesi. Wazee watakuja kuchukua mbuzi wake, na watu watasema alikula na wezi. Hakuna aliyetufundisha kuandika ule mstari. Mikono iliuandika yenyewe kwa heshima. Na mashine, ikisikia yowe jipya, ilimwita tena mpokezi yuleyule, naye akapiga yowe tena, akaitwa tena, bila mwisho.

Madamu alicheka mpaka akatafuta kiti. Halafu, kama kawaida yake, akakasirika ghafla.

"Mashine haina kilima ya pili! Yowe ikipigwa mara moja wote wameshasikia. Ukipokea, fanya kazi yako, nyamaza!"

"Lakini Madamu, mtu anayenyamaza..."

"Huyo ni mtu!" akafoka. "Nimesema mashine!"

Akaandika kwenye kona ya ubao, kwa herufi kubwa: UKIPOKEA, NYAMAZA. Maneno hayo hayakufutwa tena. Kila somo lilianza kwa sisi kuyasoma kwa pamoja, na Sista mkuu alipopita akatusifu kwa nidhamu.

Usidhani alikuwa mkali wa wakati wote. Alituambia "niulizeni, niulizeni, mdomo si pambo", kisha aliyeuliza akarushiwa chaki. Alikataa zawadi, lakini ukienda kwake bila kitu alinuna. Mtu akikosea alimtania, akipatia alimwacha bila neno, hata wengi wetu tukawa tunapenda kukosea. Kanisani aliimba sauti ya pili, na baada ya misa alisimama nje akimweleza mwalimu wa kwaya makosa yake yote. Mimi aliniambia mara nyingi kwamba nina kichwa cha karani. Baba yangu mdogo alikuwa karani wa mizani kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, kwa hiyo niliona ametutukana ukoo mzima, nikamjibu kwa kununa. Akashangaa. "Karani ndio anajuaga mzigo umepita wapi," akasema. "Meneja anajua nini?" Nikabaki sijui ninune au nishukuru.

Kuhusu kupunguzwa kazi hakuwa na utani hata kidogo. Ndiyo sababu nilimwona amebadilika siku Sista mkuu alipotuambia kwamba darasa la kompyuta linakula umeme na halileti kitu. Kama hadi msimu wa pamba hakuna mahali pa kazi patakapoipokea programu yetu, chumba kingewekwa vyerehani. Madamu alisikiliza ameinamisha kichwa. Tulipobaki wenyewe akasema taratibu, sauti ambayo hatukuijua.

"Wakifunga hapa mimi naenda wapi? Kupiga chapa imeshakufa. Nilishapunguzwa mara moja. Mara ya pili sitaiweza."

Hapo ndipo kiwanda cha baba mdogo kilipoingia. Kilikuwa kimenunuliwa na mtu binafsi, na meneja mpya alitaka programu ya kupokea pamba mizanini. Akiipenda, angegharamia darasa na kuwachukua wanafunzi. Na hakuficha upande wa pili: akiipenda, makarani wa mizani wote wataondoka. Aliyasema hayo mbele ya Madamu na mbele yangu, akicheka, kama anayetupa habari njema.

Tulifanya kazi ile kwa bidii. Mimi ndiye niliyechaguliwa kufuatana na Madamu, kwa sababu Bunda ni kwetu. Usiku wa kuamkia siku ya kuonyesha nililala Kabasa kwa baba mdogo. Nilitegemea atanigombeza. Alinikaribisha sato wa kuchemsha, akaniwekea kichwa.

"Kwa hiyo ni wewe unakuja kuonyesha?" akauliza.

"Mimi nashika nyaya tu, Baba mdogo. Mwenyewe ni Madamu."

"Haya. Kula, mwanangu, samaki inapoa."

Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Ofisi ya mizani ilikuwa na dirisha pana linaloangalia nje, ambako wakulima walipanga foleni na magunia yao. Tulifunga mashine, Madamu akaifuta kwa khanga yake, ikawaka vizuri. Majaribio ya kwanza yalipita: mzigo umepimwa, risiti imechapwa, kumbukumbu imeingia. Meneja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaleta jipya.

"Mama, watu hawa wanamwagiaga pamba maji ili ipate uzito. Nataka gunia likiwa zito kupita kawaida, itoe onyo. Unaweza?"

Madamu alitabasamu. Nilijua kwa nini. Kazi yote aliyoipanga, na kelele zote za uwanjani, zilikuwa kwa ajili ya swali kama hilo. Hakuhitaji kubomoa kitu. Alikuwa anaongeza mpokezi mmoja tu kwenye lile yowe la mzigo umepimwa. Akaketi, mimi nikasimama nyuma yake, na vidole vikaanza kwenda mbio.

Karibu na mwisho, mkono ukasimama. Akainua kichwa, akatazama dirishani. Macho yangu nayo yakamfuata. Nje, baba mdogo alikuwa amevua kofia yake na anafutia vumbi bamba la mizani, kwa makini, kama siku zote. Hakujua kama anatazamwa. Nilipoyarudisha macho kwenye kioo, Madamu alikuwa ameshamaliza kuandika na anabonyeza.

Gunia la kwanza likapimwa. Mashine ikaganda. Tukaizima, tukaiwasha, likapimwa la pili, ikaganda tena. Kuganda kule nilikujua. Tulikuwa tumekucheka darasa zima. Nikainama sikioni kwake.

"Madamu, mpokezi mpya anapiga yowe tena. Ni mstari mmoja tu, ufute."

Akanitazama kama mtu anayesemeshwa lugha ya mbali. Sijui hakunisikia, au hakutaka, au alikuwa amechanganyikiwa kwa aibu. Meneja akacheka kwa sauti, akasema mashine yetu ina kifafa.

"Ndiyo, mzee," Madamu akajibu. "Ina kifafa."

Akakunja khanga yake, akanyanyuka.

Katika basi la kurudi Musoma aliketi mbele, mimi nikakaa nyuma na nyaya. Mwezi huo chumba kikaingizwa vyerehani. Madamu aliondoka bila kuaga. Wengine walisema analima kwao upande wa Butiama, wengine wakasema hapana, yuko ziwani. Sisi wanafunzi tulitawanyika kila mtu na bahati yake. Mimi niliangukia duka la steshenari pale Bunda, nikitoa kopi na kuchapa kadi za harusi.

Baba mdogo aliendelea na mizani yake. Kila tuliposali kabla ya kula alimshukuru Mungu kwa kile kifafa, watoto wakacheka, na mimi nikacheka nao. Kuna miaka nilimchukia Madamu kabisa. Nilisema alituuza, wanafunzi wake wote, kwa ajili ya watu asiowajua. Kuna miaka nilimpenda kwa jambo hilohilo. Kisha nikawaza kwamba labda alifanya kwa ajili yangu, kwa kuwa alijua yule mwenye kofia ni nani, na wazo hilo lilinikosesha raha kuliko mengine. Na siku nyingine nilijiambia kwamba hakuna lolote: alikuwa mtoto wa Mara kama sisi, alikuwa na wasiwasi, na mkono wake ukafanya ulichozoea. Mawazo yote manne niliyaamini, kila moja kwa zamu yake.

Nilimkuta Mugango, sikumtafuta. Tulikuwa tumekwenda kwenye kipaimara cha mtoto wa binamu yangu, nikatumwa mwaloni, mitumbwi inapotua, kununua samaki, na mama aliyekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akipanga sangara juu ya turubai, alikuwa ni yeye. Amekonda, nywele nyeupe, vidole bado vyepesi.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba." Akaniangalia kidogo tu. "Karani! Kaa hapo."

Nikakaa juu ya gogo. Tukaulizana habari za nyumbani, za wenzangu, za Sista mkuu aliyehamishwa. Kisha akauliza habari za baba mdogo, ingawa hawakuwahi kusemezana hata siku moja.

"Alikaa kazini mpaka lini?"

"Mpaka wenyewe walipofunga kiwanda, Madamu."

"Kwa hiyo alikula."

"Alikula. Na watoto walisoma."

Akaitikia kwa kichwa, akamgeuza samaki mmoja aliyekuwa hana haja ya kugeuzwa. Swali langu nilikuwa nalo mdomoni. Nilikuwa nimelibeba miaka mingi, nimelipanga na kulipangua, na sasa nikawa natafuta maneno ya adabu. Yeye akawahi.

"Siku ile ulisimama nyuma yangu."

"Ndiyo, Madamu."

"Uliona mkono wangu?"

"Niliona umesimama. Ukaangalia dirishani."

"Halafu?"

"Halafu ukamalizia kuandika."

"Hapo," akasema, na akaweka kisu chini. "Hapo ndio sikumbukagi. Nakumbuka dirisha, nakumbuka yule mzee na kofia yake. Halafu nakumbuka mashine imegoma. Hapo katikati hakuna kitu. Nimejiuliza mpaka kichwa inaniuma. Wewe uliona. Niambie, nilikusudia?"

Niliogopa. Nilikuwa na kiu ya kupewa jibu, na kumbe yeye amelisubiri kutoka kwangu. Nikisema alikusudia, nitakuwa nimemwambia kwamba alilifunga darasa letu kwa mkono wake, na maisha yake nayo. Nikisema hakukusudia, nitakuwa nimemwambia kwamba alilikosa somo lile aliloliandika kwenye kona ya ubao, mbele ya watu, siku pekee lilipohitajika. Nilimtazama usoni nijue lipi lingekuwa jepesi kwake, nisione kitu. Nami sikuona mstari ule ukiandikwa. Nilikuwa natazama dirishani kama yeye.

"Ulikusudia, Madamu," nikasema.

Akafumba macho. Mabega yake yakashuka, akatoa pumzi ndefu.

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema. "Miaka yote hii nilikuwaga najua nilisahau somo langu mwenyewe."

Akaanza kunifungia samaki, wakubwa kuliko niliowaomba, akilia bila kujificha, na mimi nikamshikia mfuko.